Zawadi ya muchezaji bora: wanahesabu nini?

Kila shampiona inapokaribia kuisha, mabishano njo inaanza. Mu bisi ya asubuhi yenye kupeleka watu ku kazi, ku ligablo, hata nyumbani wakati bukari ingali moto: muchezaji bora wa mwaka ni nani? Kocha bora ni nani? Mwenye kushangilia Mazembe ana wake, mwenye Lupopo ana wake, na mwenye kufuata Vita Club anaambiwa anyamaze kwanza, yeye ni mugeni hapa. Siye tunapenda mabishano haya. Lakini kuna ulizo moja yenye watu hawaulizi sana: wale wenye kupiga kura wanahesabu nini?

Tuchukue mwaka 2015. TP Mazembe ilibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika mbele ya USM Alger, 2-1 kule Algeria, 2-0 hapa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza wa 2016, kule Abuja, CAF ikatoa zawadi ya muchezaji bora mwenye anacheza ndani ya Afrika. Wa kwanza: Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania mwenye alifika Kamalondo mu 2011, pointi 127. Wa pili: Robert Kidiaba, golikipa wetu, pointi 88. Watu wawili wa ekipe moja! Furaha ilikuwa kubwa, lakini mabishano haikukosa.

Samatta alifunga magoli 7 mu Ligi ya Mabingwa mwaka ule, na mu fainali alifunga ku mechi zote mbili. Goli inaonekana. Ina dakika yake, ina jina la mwenye kuifunga, inarudiwa ku televisheni. Kazi ya Kidiaba, mwenye alikuwa tayari na miaka 39, ni magoli yenye haikuingia, na goli yenye haikuingia haina mahali pa kuandikwa. Mwenye amefanya kazi chini ya udongo anaelewa pale pale. Tani zenye kupanda juu kila mutu anaziona, zinahesabiwa, zinaleta prime. Yule mwenye alisimamisha miti na vyuma kusudi shimo isianguke, nani anamuhesabia masiku yenye shimo haikuanguka?

Hatuseme kama Samatta aliiba kitu. Wenye kupiga kura walikuwa makocha wa ekipe za taifa, watu wenye kujua mupira. Na mwaka wenye ulifuata, zawadi ile ile ilipewa Denis Onyango, Muganda wa Mamelodi Sundowns, golikipa. Basi inawezekana.

Ilishawezekana zamani, tena hapa kwetu. Mu 1973, gazeti France Football ilipatia Bwanga Tshimen wa Mazembe Ballon d'Or ya Afrika. Bwanga alikuwa beki. Kijana wako akikuambia kama beki hapati kitu, mutajie jina hili.

Ku makocha njo mambo inakuwa nguvu zaidi. Diego Garzitto alipatia Mazembe kombe ya Afrika mu 2009. Mu 2010 aliondoka mbele mwaka haujaisha, Lamine N'Diaye akashika kazi: 5-0 mbele ya Espérance ya Tunis, kombe ingine, kisha Abu Dhabi, fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mbele ya Inter Milan. Ile mwaka tungemupa nani, mwenye alipanda ama mwenye alivuna? Na Trésor Mputu, muchezaji bora wa ndani ya Afrika wa 2009, hakucheza Abu Dhabi. FIFA ilikuwa imemufungia mwaka muzima. Mazembe ilifika mahali penye ekipe ya Afrika haikuwa imefika bado, bila muchezaji wake mwenye zawadi.

Kwa Linafoot kuna shida yake. Misimu ya hivi karibuni inaanza na makundi mawili, kisha play-off. Ekipe ya Lubumbashi inaweza kukaa miezi mingi bila kukutana na ya Kinshasa. Kocha wa kule atapigia kura namna gani beki wa huku mwenye hajamuona? Atafuata jina, ama atahesabu paka magoli. Siye tunaomba kila nafasi iwe na zawadi yake, golikipa, beki, kiungo, na kura zitangazwe, sawa vile CAF ilitangaza zile 127 na 88. Kura ikifichwa, zawadi inanuka, hata kama imeanguka mu mikono ya mwenye kuistahili.

Na iwe na kitu ndani. Mamaa wa nyumba hapiki karatasi yenye muhuri.

Tunasema vile kwa sababu ya Ndaye Mulamba. Mu 1974, kule Misri, alifunga magoli 9 mu Kombe la Afrika. Fainali mbele ya Zambia ilichezwa mara mbili, 2-2 na 2-0, na magoli yote 4 ya Zaïre ilikuwa yake. Ballon d'Or ya mwaka ule ilivuka muto, ikaenda kwa Paul Moukila wa CARA Brazzaville. Miaka 20 kisha, CAF ilimuita Ndaye kule Tunisia kumupatia heshima yake. Aliporudi, watu wenye bunduki walimuvamia. Walifikiri mutu mwenye kuheshimiwa vile hawezi kukosa feza. Walimupiga risasi ku muguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini.

Mu 1998, ku Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya kwa ajili yake. Habari ilikuwa imetembea kama amekufa mu ajali ya mugodi wa almasi kule Angola. Hakuwa mu mugodi wowote. Alikuwa Cape Town, anachunga magari ya watu ku parking. Alikufa kweli mwezi wa kwanza wa 2019, kule Johannesburg. Rekodi ya magoli 9 ingali yake.