Kupewa mguu wa bandia ni jambo moja, kushuka mlima ni jingine

ASUBUHI mvua ikiwa imenyesha, jirani yangu mmoja hapa Nyamirambo hushuka njia ya udongo akitembea ubavu ubavu kama kaa. Asiyemjua hudhani amelewa. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti mwaka 1994, na ndani ya suruali umo wa bandia. Anawahi basi Nyabugogo apeleke vitenge Gisenyi, na kabla ya kuhesabu faida huhesabu mitaro.

Wengi wetu tunadhani shida ya aliyekatwa mguu huisha siku anapopewa wa bandia. Sivyo. Mwenye miguu yake akisimama, unyayo na kifundo hupeleka habari kwenye ubongo bila kukoma: hapa pana jiwe, hapa panateleza, umeinama mno mbele. Misuli hurekebisha kabla hujatambua. Mguu wa bandia hauleti habari hizo. Mwenye nao huisikia ardhi kwa mgandamizo tu, pale sehemu iliyobaki inapoingia kwenye kikombe cha mguu huo, na mengine huyatafuta kwa macho. Ndiyo maana umeme ukikatika, jirani yangu hushika ukuta kwanza, maneno baadaye.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 huko Kanada, nchi yenye barabara za lami na ngazi zenye vishikio, ulionyesha kuwa asilimia 52 ya waliokatwa miguu walianguka angalau mara moja katika mwaka mmoja. Sasa waweke kwenye vilima vyetu!

Aliyebakiwa na goti lake ana nafuu kubwa. Aliyekatwa juu ya goti hutegemea nyonga, na huchoka upesi zaidi. Wataalamu humfundisha kwamba kwenye ngazi mguu mzima hupanda kwanza, wa bandia hushuka kwanza. Kwenye mteremko kifundo kisichokunjika humsukuma mbele, basi ndio huo mwendo wa kaa.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa mitumba wangefaa kulijua. Mguu wa bandia hupangwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu. Jirani yangu aliwahi kununua viatu vizuri vya ngozi, kisigino kirefu kuliko cha raba zake. Mwili ukasukumwa mbele, goti la bandia likakunjika, akaanguka mbele ya wateja wake. Aliumia mkono, lakini aibu ilimuuma zaidi. Kwa majuma mawili mguu ule ulikaa chini ya kitanda, naye akarudia magongo. Mtu mwenye magongo mikononi abebe vitenge kwa kitu gani?

Habari ya miguu hii hapa Kigali inatuhusu sisi tuliorudi kuliko tunavyodhani. Mwanamke wa Kijapani, Mami Yoshida, alikwenda Nairobi kujifunza Kiswahili. Huko alikutana na mkimbizi Mnyarwanda, Emmanuel Gatera Rudasingwa, aliyelemaa mguu mmoja tangu utotoni. Mami akasomea utengenezaji wa viungo bandia Japani, wakaoana, na mwaka 1997 wakafungua kazi yao Kigali kwa jina la Mulindi Japan One Love, wakitoa miguu bila malipo. Kiswahili hiki ambacho wengine walikicheka tuliporudi nacho!

Kabla yao palikuwapo Gatagara, kituo kilichoanzishwa na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960. Ng'ambo ya mpaka, Shirika la Umoja la Goma na Heri Kwetu la Bukavu wamehudumia watu miaka mingi. Rwanda ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2009, lakini pikipiki na kisukari bado vinakata miguu.

Nilipomuuliza jirani yangu ni nini kilimtoa tena na mguu wake, hakutaja dawa. Alirudi kwa fundi aliyempangia upya kwa raba, kisha akafanya mazoezi uani, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule huku mkewe akimshika mkanda. Jioni sehemu iliyobaki hupungua unene, mguu ukalegea, ukacheza. Kwa hiyo mfukoni hubeba soksi ya ziada. Juzi nilimkuta Nyabugogo, amekaa juu ya robota lake la vitenge, anaivaa.