Mitandao ya Wakubwa (4): Orodha ya Castiglion Fibocchi

Tangu Novemba 2025, Rais wa Marekani alipotia saini sheria ya kuilazimisha Wizara ya Sheria iyaanike majalada ya Jeffrey Epstein, kila kijiwe nikipita naulizwa swali moja: fulani yumo? Hakuna anayeuliza alifanya nini, wala karatasi yenyewe ni barua, hundi au daftari la simu. Yumo au hayumo, basi. Wanaoufuatilia mfululizo huu wanajua nitawarudisha wapi: Italia, kwenye orodha nyingine.

Juma lililopita tulimwacha Licio Gelli akipokea wageni wa loji yake ya siri ya Kifremasoni, P2, katika hoteli ya Excelsior mjini Roma. Mahakimu wawili wa Milano, Gherardo Colombo na Giuliano Turone, wala hawakuwa wakiitafuta P2. Walikuwa wakimfuatilia Michele Sindona, mwanabenki aliyejifanya ametekwa nyara, pamoja na mauaji ya Giorgio Ambrosoli, wakili aliyekabidhiwa ufilisi wa benki ya Sindona, ambaye alipigwa risasi nje ya nyumba yake Julai 1979. Nyayo zikawafikisha kwa Gelli. Machi 17, 1981 wakatuma polisi wa fedha kupekua ofisi yake iliyokuwa kwenye kiwanda cha nguo huko Castiglion Fibocchi, karibu na Arezzo.

Ikapatikana orodha ya wanachama wa P2, majina 962: mawaziri, wabunge 44, majenerali, wakuu wa ujasusi, wenye mabenki, wahariri, na mfanyabiashara mmoja wa Milano aitwaye Silvio Berlusconi. Upekuzi ukiwa unaendelea, Kanali Vincenzo Bianchi aliyeusimamia akaitwa kwenye simu. Alikuwa mkuu wa kikosi chao, Jenerali Orazio Giannini, akimtahadharisha kwamba jina lake yeye jenerali litakutwa humo. Bianchi akaendelea na kazi, akafunga mizigo, ikaenda Milano. Mitaa yetu tunaipa majina ya majenerali. Makanali wa aina hii hatuwakumbuki.

Machi 25 mahakimu wakampelekea habari Waziri Mkuu Arnaldo Forlani. Aliyewapokea, mkuu wa ofisi yake, naye alikuwamo! Forlani akaikalia orodha hadi Mei 21, na siku tano baada ya kuitangaza, serikali yake ikajiuzulu.

Wasimulizi wengi huishia hapo, eti kisa kimekwisha. Kwangu ndiyo kwanza kinanoga, kwa sababu sasa anaingia Tina Anselmi. Akiwa binti wa miaka 17, mwaka 1944, alishuhudia vijana walionyongwa kwenye miti mjini Bassano, akajiunga na wapiganaji wa msituni kama mjumbe wao. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri Italia. Bunge lilipompa kamati ya kuichunguza P2, hakuisoma ile orodha kama daftari la michango ya harusi. Kamati ilizioanisha kadi na risiti za ada, barua na tarehe. Mwaka 1984 ikahitimisha kwamba orodha ni ya kweli ila ni pungufu, na kwamba Gelli alikaa pale zinapokutana piramidi mbili: moja chini yake, nyingine imepinduliwa juu yake. Wa ile ya juu hawajajulikana hadi leo.

Orodha peke yake haina meno. Berlusconi, kadi namba 1816, alidanganya mahakamani kuhusu uanachama wake. Ndivyo ilivyosema Mahakama ya Rufani ya Venice mwaka 1990, ila msamaha wa jumla ulikuwa umeshalifuta kosa. Mwaka 1994 wapiga kura wakampa uwaziri mkuu. Yumo, walijua yumo, na hawakujali.

Kwa hiyo wanaosaka majina kwenye majalada ya Epstein waanze na aina ya karatasi. Namba ya simu daftarini si sawa na barua, na barua haifikii rekodi ya benki. Halafu waangalie wino mweusi umemfunika nani. Sheria ile inaruhusu kuficha utambulisho wa waathirika, na inakataza kuficha kitu kwa sababu tu kinamwaibisha mkubwa. Mengine nafasi hairuhusu.

Juma lijalo: Roberto Calvi, mwanabenki mwingine wa orodha ya Gelli, na daraja la Blackfriars jijini London.