Je, Wajua? Kutoka Garissa kwa gitaa

Kina mama wa Kisomali kutoka Garissa walipotoa albamu, waliipa jina la kufaa basi la abiria: *Garissa Express*. Kundi lao ni Gargar, jina litokanalo na neno la Kisomali lenye maana ya msaada. Albamu hiyo ilitolewa na Ketebul Music ya Nairobi, studio iliyoanzishwa na Tabu Osusa, mwanamuziki aliyejitolea kusaka sauti za Kenya ambazo redio huzisahau.

Kwa Wasomali, wanawake wana utanzu wao wa ushairi, buraanbur. Huimbwa kwa ngoma na makofi, hasa arusini, huku mchezaji mmojammoja akiingia uwanjani kwa madaha. Gargar walizitoa nyimbo za asili ya Kisomali kwenye uwanja wa namna hiyo, wakazipeleka studioni, kilomita zipatazo 370 kwa barabara, zikakutana na gitaa.

Vijana wa London walifanya jambo kama hilo mwaka 1984. Kundi la The Pogues, likiongozwa na Shane MacGowan, lilitoa albamu yake ya kwanza, *Red Roses for Me*: nyimbo za kale za Ireland, banjo, akodioni na filimbi ya bati, vyote vikikimbizwa kwa kasi ya muziki wa panki. Spider Stacy, mpiga filimbi wao, alikuwa hata akijigonga kichwani kwa sinia la bia ili kutia mdundo.

Kina mama wa Garissa walitosheka na makofi.