Pikapu haichanganyi? Usikimbilie pampu

KWA mkulima wa kahawa wa Itaka, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, pikapu isiyochanganya wakati wa mavuno ni hasara. Wengi hufungua pampu na nozeli, ambazo ni ghali, kumbe huenda kosa liko kwenye pedali ya mafuta.

Pikapu nyingi za dizeli za kisasa hazina waya wa kuvuta mafuta. Pedali ina sensa mbili zinazopeleka umeme kwenye kompyuta ya gari. Taarifa zake zikipingana, kompyuta hupunguza nguvu ya injini kwa usalama na taa ya injini huwaka.

Fundi aanze na mashine ya kusoma makosa. Namba P2138 huonyesha kuwa sensa hizo hazikubaliani. Kisha akague betri, plagi na nyaya, kwani kutu au waya uliochunika hutosha kuleta tatizo.

Baada ya hapo, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, apime umeme wa kila sensa huku pedali ikikanyagwa taratibu. Ukibadilika polepole bila kuruka, pedali ni nzima. Ukirukaruka ilhali nyaya ni nzima, pedali ibadilishwe.

Mkulima asilipie pampu kabla ya kuonyeshwa vipimo hivyo.