Mitumbwi Mitatu, Wavu Mmoja

Ukifika Rubona, ufukoni mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda, usipite bila kuutazama ufundi wa wavuvi wake. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, ikakazwa kwa kamba, ikawa chombo kimoja. Jioni huingia ziwani wakiimba, makasia yakiufuata wimbo. Usiku taa huwavuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, mpaka juu ya wavu.

Kamba moja ikilegea, jasho la wote hupotea. Askari aijuaye hatua moja ataelewa. Ufundi huu hupokewa mkono kwa mkono. Kijana asiyeketi na wazee leo, kesho atarithi mitumbwi mitatu, asiwe na chombo.