Ekzosi ya Datsun ya zamani: Vipimo kwanza, ukubwa baadaye

DATSUN 240Z, gari la michezo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973, bado lina wapenzi wake Afrika Mashariki, hasa tangu mbio za Safari za magari ya kale zilipoanza mwaka 2003. Baadhi ya wamiliki hufika gereji wakitaka ekzosi kubwa ili gari liongeze nguvu.

Kwa fundi wa kuchomelea, hiyo ni kazi yenye faida. Hata hivyo, ikifanywa kwa kubahatisha, mteja hulipa fedha nyingi na kuondoka na kelele tu.

Injini ya gari hili ina silinda sita na ukubwa wa lita 2.4. Moshi wake hutoka kwa mapigo. Katika manifoldi ya kiwandani, mapigo hayo hukutana mapema na kuzuiana. Manifoldi ya mabomba marefu, inayokusanya silinda tatu tatu kabla ya kuunganika, huyapa nafasi ya kupishana. Nguvu hupatikana hapo.

Bomba linalofuata halihitaji kupita inchi 2 na nusu kama injini ni ya kawaida. Likiwa pana mno, mwendo wa moshi hupungua na gari huwa zito kuondoka. Aidha, nchini Kenya kuna kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009.

Baada ya kufunga, kabureta zote mbili zirekebishwe, kwani hewa inayoingia huongezeka. Plagi ikiwa nyeupe, mafuta ni machache na vali zinaweza kuungua. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema.

Hatari kubwa zaidi ni moshi kuingia ndani ya gari. Una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa, moshi hupenya. Kwa hiyo bomba litokeze nje ya bampa, gasketi ziwe mpya na mpira huo ubadilishwe.

Chuma cha kawaida ni nafuu lakini huliwa na kutu kutoka ndani. Chuma cha pua hudumu.

Fundi na mteja waandikiane gharama zote mapema: manifoldi, bomba, gasketi, mpira na kabureta. Anayetaja bei ya bomba peke yake hujitafutia ugomvi siku ya malipo.