Mukau hautaki bondeni

Ukiteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Siakago na Kiambere, kahawa inaisha, nchi inakauka, na ndipo utakapouona mukau mashambani. Ni jamaa wa mwarobaini wetu, na mbao zake mchwa haziwezi. Nawaandikia mapema, kabla ya mvua, kwa sababu naona wenzetu wa Kinango na Ganze wakiupanda bondeni, wakidhani mti wa ukame utafurahia maji. La! Maji yakituama, mizizi huoza. Kule Mbeere nimeuona ukistawi mteremkoni, kwenye udongo wa kichanga au mwekundu. Ule mweusi unaopasuka kiangazi, uuache.

Huna hakika na shamba lako? Chimba shimo la kufika goti, lijaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamo, tafuta pengine. Epuka pia kivuli cha miembe, na njia ya mbuzi, maana majani yake wanayapenda mno. Mbao utazingoja miaka 10 hadi 15, na ubaya wa mahali hauonekani mwaka wa kwanza. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina mashamba ya mbegu bora za mukau Tiva, Kitui, na Kasigau, hapa kwetu Taita Taveta.